Dalek Mmoja Anatosha

Mwaka 2009 jarida la Doctor Who Magazine, linalohusu tamthilia ya televisheni ya Uingereza iitwayo Doctor Who, liliwaomba wasomaji wake wazipe alama hadithi zote 200 zilizokuwa zimeonyeshwa hadi wakati huo. Iliyoongoza ilikuwa "The Caves of Androzani". Iliyoburura mkia ilikuwa "The Twin Dilemma". Hadithi hizo mbili zilirushwa zikifuatana mwezi Machi 1984: ya kwanza ilipomalizika, ya pili ikaanza wiki ile iliyofuata. Na ndani ya hiyo iliyoshika namba moja kuna mnyama wa mapangoni ambaye hata wapenzi wake wakubwa hawamtetei. Ni mtu ndani ya vazi, na vazi linaonekana ni vazi. Hakuna aliyeinyima hadithi alama kwa sababu yake. Waliobaki vichwani mwa watu ni Sharaz Jek, mwanamume aliyeungua uso akajificha nyuma ya kinyago, na Morgus, tajiri ambaye kila anapopanga ubaya huigeukia kamera na kutueleza sisi watazamaji. Muigizaji John Normington alikuwa ameyaelewa visivyo maelekezo ya muswada. Mwongozaji Graeme Harper alipoona anaitazama kamera, akapendezwa na kumwacha aendelee hivyo hivyo.

Naanza na matokeo hayo kwa sababu yanagusa jambo ambalo nimekuwa nikilitetea kila mjadala wa maadui wa Doctor Who unapozuka. Adui wa tamthilia hii hutisha kwa kuwa ameshika hofu moja, ndogo, inayojulikana. Akiendelea kuishika, hata vazi lake likiwa duni tutamwogopa. Mwandishi akiiacha hofu hiyo na kuanza kuongeza idadi, ukubwa na kelele, adui amekwisha, hata awe ametengenezwa kwa kompyuta bora kuliko zote.

Kwa asiyeifahamu tamthilia yenyewe: ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy kuuawa. Msafiri wa kutoka sayari nyingine, anayeitwa Doctor basi, huzunguka nyakati na anga ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha bluu cha polisi wa Uingereza. Stelingi huyu akifikia kufa, mwili wake hugeuka, tukapata sura mpya, tabia mpya na muigizaji mpya. Ndiyo siri ya kudumu kwake. Ilisitishwa 1989, ikajaribiwa kwa filamu moja ya televisheni 1996, ikarejea kama mfululizo 2005. Katika umri wote huo adui anayependwa haji mara moja. Hurudishwa, na kila anaporudishwa mwandishi hulazimika kuamua amfanyie nini. Hapo ndipo mashabiki tunapogawanyika.

Chukua Dalek, viumbe wenye chuki wanaoishi ndani ya gamba la chuma. Terry Nation ndiye aliyewabuni kwa maandishi, na Raymond Cusick, mbunifu aliyeajiriwa na BBC, ndiye aliyewapa umbo lile lisilo na miguu wala uso. Walipotokea kwa mara ya kwanza, tarehe 21 Desemba 1963, hata hawakuonyeshwa. Barbara, mwalimu, amebanwa ukutani katika mji usio na watu, kitu kinamsogelea, tunachokiona sisi ni mkono mmoja wa chuma ukimfuata, naye anapiga ukelele. Kipindi kikaishia hapo, watazamaji wakasubiri wiki nzima.

Kufikia miaka ya 2000 Dalek alikuwa amegeuka kichekesho. Kila mtu alikuwa na mzaha wake kuhusu ngazi: jinsi ya kumkimbia Dalek ni kupanda ghorofani. Mwaka 2005 Robert Shearman akaandika kipindi kinachoitwa "Dalek" tu, chenye Dalek mmoja tu. Amefungwa minyororo chini ya ardhi huko Utah, mali ya tajiri anayekusanya vitu vya kutoka anga za mbali. Doctor, wakati huo Christopher Eccleston, anaingia chumbani akidhani anakwenda kumsaidia kiumbe anayeteswa. Taa zinawaka, anaisikia sauti ile. Kwa mara ya kwanza tunamwona akiogopa hadi kuupiga mlango kwa mikono afunguliwe. Kisha anatambua kuwa adui hana silaha inayofanya kazi, na hofu inageuka kuwa kitu kibaya zaidi: anafurahi. Anamcheka, anampigia kelele, anavuta swichi ili amtese kwa umeme.

Hicho ndicho kipindi kizima. Shearman anaujibu mzaha wa ngazi, ndiyo, na jibu lake ni zuri sana. Lakini jambo lenyewe ni pale Dalek anapomwambia Doctor kwamba yeye angefaa kuwa Dalek. Hofu ya Dalek tangu mwanzo ilikuwa ni chuki iliyo safi, chuki isiyohitaji sababu. Shearman aliiacha chuki hiyo imtoke Doctor kupitia mdomoni, tukaiona usoni mwake. Mwishoni Dalek, aliyeguswa na Rose, msichana anayesafiri na Doctor, na kuanza kubadilika, analifungua gamba lake apate jua, na Doctor amesimama mbele yake na bunduki kubwa mkononi. Ni Rose anayemuuliza yeye anageuka kuwa nini.

Wiki chache baadaye, katika "The Parting of the Ways", Dalek walikuwa karibu nusu milioni. Mwaka 2006 wakamiminika mamilioni juu ya London. Mwaka 2008 wakaunda bomu la kufuta kila kilichopo, katika kila ulimwengu, na wakashindwa kwa mtu kubonyeza vitufe wakawa wanazungushwa kama pia. Nisieleweke vibaya, "The Parting of the Ways" naipenda. Ila ninachokikumbuka humo ni Doctor akiwa ameshika wenzo utakaowaua Dalek pamoja na watu wote wa Dunia, akakataa kuusukuma. Ile nusu milioni ni mapambo. Tukio lile lingebaki lilivyo hata wangekuwa watatu mlangoni.

Mfano mkali zaidi ni Sutekh, kwa sababu sauti yake ni ya mtu yule yule. Katika "Pyramids of Mars", 1975, Gabriel Woolf alimpa Sutekh, adui anayetaka kufuta uhai wote mwaka 1911, sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka. Anakaa kitini. Sehemu kubwa ya hadithi hawezi hata kusimama, ni mfungwa. Sarah Jane, anayesafiri na Doctor, anapomwambia kwamba wanaweza kuondoka tu, kwa kuwa yeye anatoka mwaka 1980 na anajua dunia haikuteketea 1911, Doctor anakipeleka chombo 1980 na kumfungulia mlango: upepo na vumbi, hakuna kingine. Wanarudi 1911 bila ubishi. Tukio lile ni fupi mno, na nguvu yake inaendelea hadi mwisho wa hadithi.

Mwaka 2024 Sutekh alirudi, Woolf akiwa na sauti ile ile, safari hii akiwa jitu lenye kichwa cha mnyama lililoipanda TARDIS, kile chombo cha Doctor. Vumbi lake likaua kila kiumbe katika ulimwengu mzima. Nilitazama nikijua, kama alivyojua kila mtazamaji, kwamba wote watarudishwa kabla ya muziki wa mwisho. Kifo cha wote hakikuwa na uzito wa ule mlango mmoja uliofunguliwa 1975. Wapo wanaosema tatizo lilikuwa muda, kwamba kingehitajika kipindi kingine cha tatu. Sidhani. Kingeongezwa kipindi cha tatu, tungepata vumbi zaidi.

Steven Moffat alilijua jambo hili vizuri kuliko wengi alipoandika "Blink" mwaka 2007, kisha, kwa maoni yangu, akalipuuza katika kazi yake mwenyewe. Weeping Angels ni sanamu za malaika waliojifunika nyuso. Ukiwatazama ni mawe. Ukipepesa jicho wanasogea. Wakikugusa hawakuui; wanakutupa nyuma ya wakati, wakala siku ambazo ungeziishi. Kathy anajikuta Hull mwaka 1920, anaolewa, anazeeka, anakufa, na barua yake inamfikia rafiki yake Sally Sparrow dakika chache tu baada ya kutoweka. Askari Billy Shipton anatupwa 1969. Sally anamkuta tena siku ile ile akiwa mzee kitandani hospitalini, na mvua ikikatika atakuwa amekufa. Doctor mwenyewe haonekani sana. Kipindi kilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, na mwaka 2014 wasomaji wa jarida lile waliposhindanisha hadithi 241 kilishika nafasi ya pili, nyuma ya "The Day of the Doctor".

Ustadi mkubwa wa "Blink" haupo kwenye maneno. Malaika hawasogei kamwe mbele ya kamera, hata pale ambapo hakuna mhusika anayewatazama. Maana sisi tunawatazama. Mtazamaji ameingizwa ndani ya hadithi na kupewa zamu ya kulinda, na hakuambiwa.

Mwaka 2010, katika "Flesh and Stone", malaika wakaonyeshwa wakigeuza vichwa. Polepole, kwa sekunde chache, lakini tuliwaona. Kuna mashabiki wanaolitetea tukio hilo kwa nguvu, wakisema lilikuwa la kutisha kwa sababu hatukulitarajia. Naielewa hoja yao, na nakiri kwamba kipindi kilichotangulia, "The Time of Angels", kilileta wazo zuri sana, kwamba picha ya malaika nayo hugeuka kuwa malaika. Lakini ile zamu ya kulinda tuliyokuwa tumepewa ilichukuliwa siku ile na haikurudishwa. Tena malaika hawa wapya walivunja watu shingo. Viumbe waliokuwa wakiiba maisha wakawa wauaji wa kawaida. Miaka miwili baadaye Sanamu ya Uhuru ya New York ikawa malaika pia, na hapo swali la mji mzima kuwa na macho halikujibiwa.

Kipindi ambacho ningemwonyesha mtu asiyeamini kuwa tamthilia hii ina uzito ni "Midnight", cha 2008. Russell T Davies aliwafungia watu wachache ndani ya gari la watalii kwenye sayari ambayo mwanga wa jua lake huua. Kitu kinagonga kwa nje. Kisha kimeingia ndani ya abiria mmoja, Sky, aliyeigizwa na Lesley Sharp, naye anaanza kurudia kila neno linalosemwa. Halafu anayasema pamoja na msemaji. Halafu anatangulia. Hakuna jini la kuonyesha. Kuna mwanamke anayeongea. Doctor, ambaye katika vipindi vingine vyote huingia chumbani akaaminiwa kwa ufasaha wake, anajaribu kuwatuliza, na kila anavyozidi kuonyesha akili ndivyo wanavyozidi kumshuku. Hana jina, anajisifu, anamtetea yule kiumbe: mtupeni nje. Kikulacho ki nguoni mwako, nao waliokula njama ya kumuua ni familia na mwalimu na mwanafunzi wake, watu wa kawaida kabisa. Anayewaokoa ni mhudumu wa gari, na baada ya kufa kwake Doctor anauliza jina lake, hakuna anayelijua.

Kiumbe hakupewa jina, wala umbo, wala asili. Mwaka 2025 alirudishwa katika "The Well", na niliposikia nilihuzunika kabla sijatazama, kwa kuwa nilitarajia aelezwe. Hakuelezwa. Hofu ilihamishwa kutoka mdomoni kwenda mgongoni, kuna kitu nyuma ya mwanamke huyu na ole wake atakayekwenda kusimama upande ule, na jina bado hana. Kwangu si sawa na "Midnight", kwa sababu abiria wale hawapo, ila ni urejeshaji wenye heshima.

Kutoka hapa mashabiki wengi hufikia uamuzi kwamba adui bora ni yule asiyeelezwa. Nakataa, na shahidi wangu ni Cybermen.

Walitokea Oktoba 1966 katika "The Tenth Planet", hadithi ya mwisho ya William Hartnell, Doctor wa kwanza, kabla hajabadilishwa. Waliowabuni ni watu wawili: Gerry Davis, mhariri wa miswada, na Kit Pedler, ambaye alikuwa mwanasayansi wa tiba na aliogopa swali lililotoka kwenye kazi yake mwenyewe: ukimbadilishia mtu kiungo kimoja baada ya kingine, utafika lini ambapo mtu hayupo tena? Cybermen ni jibu. Walikuwa watu wa sayari ya Mondas, pacha wa Dunia. Miili yao ilidhoofika, wakaibadili kwa vyuma na plastiki, na hisia wakaziondoa kwa kuwa zilikuwa udhaifu. Wale wa 1966 wana vitambaa usoni na mikono ya binadamu inayoonekana wazi. Sauti zao zinapanda na kushuka mahali pasipofaa. Polly, anayesafiri na Doctor, anapowalaumu kwamba hawajali watu watakaokufa, wanamjibu kwamba duniani kwenu watu wanakufa kila mahali na ninyi hamjali. Ni hoja ambayo hawezi kuivunja, na sidhani mtazamaji yeyote aliivunja.

Hapo maelezo ndiyo kitisho. Ukijua walikotoka, ndipo unapoogopa. Kilichowaua Cybermen miaka iliyofuata ni kuwasahaulisha walikotoka, wakawa roboti wa kupiga hatua kwa mlio mmoja. Mwaka 1975 wakapewa udhaifu wa dhahabu, na kufikia 1988 Ace, msichana aliyesafiri na Doctor, alikuwa akiwaangusha kwa manati na sarafu. "The Age of Steel" ya 2006 ilikumbuka kwa dakika moja: Cyberman aliyeharibika kifaa cha kuzuia hisia anaamka na kuwa msichana aliyekuwa anakaribia kuolewa, anasema anasikia baridi. Dakika ile ni bora kuliko gwaride lote la kipindi kile.

Kisha ikaja "World Enough and Time", 2017, na hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi bora ya Cybermen katika historia yote ya tamthilia. Bill, rafiki wa Doctor, amepigwa tundu kifuani na kuchukuliwa chini ya meli ndefu iliyo ukingoni mwa shimo jeusi, ambako miaka hupita wakati juu zinapita dakika. Anaamka hospitalini. Wadini kuna wagonjwa waliofunikwa vitambaa usoni, kila mmoja na kifaa cha kusemea, na kifaa kinarudia neno moja: maumivu, maumivu, maumivu. Muuguzi anakuja. Anazungusha kitufe. Ukimya. Bill anasogea kuangalia alichokizungusha, na anagundua kwamba muuguzi hakupunguza maumivu. Alipunguza sauti.

Hakuna jeshi katika tukio lile, hakuna mlipuko, hakuna anayekimbia. Sijaona mahali pengine ambapo wazo la Pedler lilisemwa kwa ukamilifu kiasi hicho. Vitambaa vya 1966, ambavyo kwa miaka mingi vilichekwa kuwa ni umaskini wa bajeti, vikapata maana yake.

"Genesis of the Daleks" ya 1975 nayo ni hadithi ya maelezo, sehemu sita za kutueleza Dalek walitoka wapi, na ipo karibu na kilele katika kura zote mbili nilizozitaja. Wengi hulitaja lile tukio la nyaya mbili: Doctor, Tom Baker, anatakiwa aziunganishe tu na Dalek wote wachanga watakufa, naye anauliza kama ana haki hiyo. Ni tukio kubwa, lakini linasimama kwa sababu ya jingine. Doctor anamuuliza Davros, mwanasayansi aliyewaunda Dalek: ungekuwa na kirusi cha kuua kila chenye uhai, ungekitumia? Michael Wisher, uso mzima ndani ya kinyago, anainua vidole viwili kana kwamba ameshika kichupa, analiwaza, sauti inapanda, na jibu ni ndiyo. Mmoja amepewa uwezo wa kuua kizazi kizima akasita. Mwingine amepewa katika fikra tu, akasisimka. Wanaosema Doctor alikuwa mwoga husahau pia kwamba nyaya zile hatimaye ziliungana: Dalek alipita juu yake.

Sina mengi ya kusema juu ya Sontarans, wanajeshi walionakiliwa. Walikuwa wazuri alipokuwa mmoja, mwaka 1973. Ila "Love & Monsters" ya 2006 naitetea, ingawa najua nipo na wachache. Jini lake lilichorwa na mtoto aliyeshinda mashindano ya Blue Peter, kipindi cha watoto cha BBC, na mwisho wake siupendi. Lakini kabla Victor Kennedy hajavua sura ya bandia, ni adui wa kweli kabisa. Anawakuta watu watano waliokutanishwa na upendo wao kwa Doctor, wanapika, wanapiga muziki, wameanza kupendana, naye anaingia na kuwapangia kazi, ripoti na adhabu. Furaha inaisha kabla hajamla hata mmoja. Kila aliyewahi kuwa katika kundi la mashabiki anamjua mtu huyo.

Nabaki na Master, ambaye naye, kama Doctor, hubadili mwili na muigizaji. Roger Delgado alikuwamo katika hadithi zote tano za msimu wa 1971, na kila mara ilionekana angesikitika sana Doctor akifa kweli. Hofu yake ni ya karibu mno: rafiki aliyekuwa kama wewe, akachagua vingine. Hata yeye alizidishwa idadi. Katika "The End of Time" karibu kila binadamu duniani aligeuzwa kuwa yeye, na hakuna aliyeogopa. Michelle Gomez, akiwa Missy, alirudisha ule ukaribu. Katika "The Doctor Falls", 2017, Doctor anamsihi asimame naye, anakataa, anaondoka. Kisha anaamua kurudi. Nafsi yake ya zamani, John Simm, inampiga risasi mgongoni ili asifike. Doctor hakujua. Doctor alikufa na sura ile akiamini alikataliwa.

Mwaka 2020 Master akarudi katika "Spyfall" akiwa Sacha Dhawan, mwenye hasira, mwenye vicheko, muigizaji hodari asiye na lawama. Hakuna aliyeeleza alivyopona wala kama amewahi kuwa Missy. Baadhi wanasema si lazima, Master hurudi tu, ndiyo desturi yake. Kupona kwake hakunisumbui. Ninachokidai mimi ni sentensi moja, popote katika saa mbili zile, Doctor akimuuliza siku ile uliponiacha ulikwenda wapi.